Safari ya Kupeleka Pole Nilizozituma kwa Simu

Nilikuwa nabadilisha simu. Ile ya zamani ilikuwa imejaa, ikabidi nifute ujumbe mfupi wa miaka mingi. Nikakaa jikoni usiku mmoja wa Novemba, watoto wamelala, nikifuta mmoja baada ya mwingine. Nilipofika kwenye ujumbe wa kutuma pesa, mkono ukapunguza kasi. Kila ujumbe ulikuwa na jina, kiasi na saa. Shilingi 30,000 kwa binamu. Shilingi 50,000 kwa rafiki yangu wa Iringa. Shilingi 100,000 kwa mjomba wa Tukuyu, saa mbili usiku, wiki aliyofariki bibi.

Nikachukua kaunta buku ya mwanangu nikaanza kuandika majina. Nilipomaliza nilikuwa na misiba saba katika miaka tisa. Yote ni ya watu niliokula nao sahani moja, na sikufika hata mmoja.

Kila msiba ulikuwa na sababu yake. Mmoja uliangukia wakati wa kufunga hesabu za mwaka kazini. Mwingine mtoto alikuwa amelazwa. Mwingine nilikuwa nimetoka kulipa ada, nauli haikuwepo. Sababu zote zilikuwa za kweli, na hicho ndicho kilichoninyima usingizi. Ningekuwa nimedanganya ningejua pa kuanzia kutubu. Lakini sababu saba za kweli zilikuwa zimenifanya mtu ambaye akisikia fulani kafariki, jambo la kwanza ni kuangalia salio.

Nilikuwa na likizo yangu ya siku 28 sijaigusa. Mwanangu mkubwa alikuwa ametoka kumaliza mtihani wa kidato cha nne, anashinda chumbani. Mara ya mwisho kufika Tukuyu alikuwa na miaka saba. Ndugu zangu alikuwa anawajua kwa picha za kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, tena anawachanganya. Nikamwambia baba yake abaki na wadogo, mimi na huyu tunaondoka. Tungeshika barabara ya Morogoro, Iringa, Makambako hadi Uyole, halafu tukunje kwenda Tukuyu. Ni zaidi ya kilomita 800. Gari letu ni Toyota ya siku nyingi. Fundi alikagua breki na tairi, akamwaga oili, akaniambia nisilikimbize kwenye milima. Nyuma tulipakia vitenge, sukari, sabuni, korosho na nazi 20. Mama yangu alinifundisha kwamba huendi kwa watu mikono mitupu, na huendi kwenye msiba na kitu kimoja tu, pesa.

Tuliondoka Mbezi saa kumi alfajiri kuikwepa foleni. Hadi Chalinze mwanangu alikuwa na spika za simu masikioni. Mimi nilikuwa natunga maneno. Nitasema hivi kwa Dada Mkuu, yule rafiki yangu wa Iringa, nitasema hivi kwa mjomba. Niliyatunga, nikayapanga, nikayapanga upya.

Kituo cha kwanza kilikuwa Morogoro, Kihonda, kwa rafiki niliyeanza naye kazi. Tulipanga chumba kimoja, tukawa na sufuria moja na jiko moja la mkaa, na mshahara wa aliyetangulia kupata ndio uliotulisha sote. Huyu hakuwa kwenye orodha ya misiba. Nilitaka tu kumwona, na kwa makusudi sikumpigia, nimshtukize. Kila mwaka siku yake ya kuzaliwa nilimtumia picha ya keki na maua. Naye kila mwaka alijibu, "Asante mdogo wangu."

Nyumba tuliikuta, ila ndani walikuwa watu wengine. Jirani aliyekuwa anafagia uwanja alituambia, "Huyo mama alihamia Ifakara. Huu mwaka wa tatu."

Nikampigia palepale, nimesimama juani. Alicheka sana kusikia niko mlangoni kwake pa zamani, halafu akanyamaza.

"Mbona hukuniambia umehama?"

"Mbona hukuniuliza?"

Hakusema kwa ukali. Nilijaribu kukumbuka mara ya mwisho kumuuliza swali lolote ambalo jibu lake lisingetosha neno moja, nikakosa. Nikamwambia nitampigia tena. Akasema sawa, safari njema. Tukarudi barabarani na zile korosho zake.

Mbele kidogo nilisimamishwa na trafiki mwenye tochi ya kupima mwendo. Nilikuwa nimeingia kijijini na mwendo wa porini. Faini 30,000, kosa langu, nikapokea karatasi. Mikumi barabara kuu inakatiza ndani ya hifadhi kwa karibu kilomita 50, na huko ndiko mwanangu alikotoa spika masikioni. Tembo walikuwa wanavuka, mama na watoto wawili, na magari yote yamesimama kimya, mabasi kwa malori. Hapakuwa na aliyepiga honi. Tulikaa dakika kumi. Akaniuliza kama nilipita hapa nikiwa na umri wake. Nikamwambia nilipita kila muhula kwenda shule, kwenye basi, nimekaa juu ya sanduku la bati. Kumbe nilikuwa sijawahi kumwambia. Kuanzia hapo hadi Ruaha Mbuyuni nilikuwa naongea mimi.

Ruaha Mbuyuni tulinunua vitunguu. Huwezi kupita lile bonde la mibuyu ukafika Iringa bila vitunguu, watakushangaa. Kisha tukaanza kupanda Kitonga. Anayeijua Kitonga anajua: upande mmoja mlima, upande wa pili korongo, kona juu ya kona, na malori ya Zambia na Kongo yanapanda taratibu kuliko mtu anayetembea. Huovateki. Unakaa nyuma ya lori gia ya kwanza, moshi wake wote ni wako. Nusu ya mlima mshale wa joto ulipanda, mvuke ukaanza kutoka kwenye boneti. Gari limechemsha.

Nilishika kifuniko cha rejeta kwa kitambaa. Sauti ikatoka nyuma: "Dada, usifungue! Acha ipoe." Alikuwa dereva wa lori lililosimama nyuma yetu. Utingo wake alishaweka jiwe kwenye tairi langu na anakata matawi ya kutandaza barabarani ili wanaokuja waone. Walitupa maji yao ya dumu. Tulipokuwa tunasubiri akaniuliza ninakokwenda.

"Iringa. Msibani."

"Pole sana. Wa lini?"

"Wa miaka minne iliyopita."

Alinitazama, akaitikia kwa kichwa, akageukia kuangalia gari. "Basi usilikimbize," akasema. Tulikaa pale zaidi ya saa moja. Sijui jina lake hadi leo. Alikuwa na mzigo wa Tunduma na njia ndefu mbele, akaipoteza saa yake kwa watu asiowajua. Niliingia Iringa nikimfikiria yeye.

Ilikuwa saa mbili usiku tulipopandisha kutoka Ipogolo kwenda mjini, baridi imeshaanza kuuma. Rafiki yangu anakaa Kihesa. Shuleni alikuwa dada mkuu wetu, na hadi leo sote tuliosoma naye tunamwita Dada Mkuu. Bweni letu lilikuwa na vitanda vya ghorofa. Yeye chini, mimi juu, miaka minne. Nilipougua malaria kidato cha pili alinifulia mashuka kwa maji ya baridi ya Iringa, mwezi wa saba. Mume wake alipofariki nilituma shilingi 50,000 na ujumbe mrefu. Nilikuwa nimeujivunia ujumbe ule. Niliuandika vizuri.

Alitufungulia amevaa sweta. "Karibuni." Alitupokea kama mwalimu anavyopokea wazazi wa mwanafunzi, kwa heshima na kwa umbali. Chai ikaja, viazi vikaja. Alimuuliza mwanangu kuhusu mtihani, na swali la historia lilikuwaje, maana anafundisha somo hilo. Mama mkwe wake alikuwa amejikunyata karibu na jiko la mkaa, mwanangu akasema "Shikamoo bibi", bibi akaitika, kisha akamwambia, "Hapa tunasema kamwene." Akamfundisha kuitikia. Mimi na Dada Mkuu tuliongea habari za barabara.

Asubuhi yake, wengine bado wamelala, alikuja jikoni na daftari. Lilikuwa daftari la msiba. Alifungua ukurasa wa michango ya waliotuma kwa simu, akaniwekea kidole: jina langu, 50,000, tarehe. Halafu akafungua kurasa za nyuma. Huko palikuwa na orodha nyingine, mwandiko tofauti: waliofika, waliolala, waliopika. Tulisoma darasa moja wasichana zaidi ya arobaini, na kwenye orodha ile niliona majina kumi na moja niliyoyajua. Mmoja alitoka Bukoba.

"Jina lako lipo kule," akasema. "Hapa halipo. Sikuandika mimi, nilikuwa chini kwenye mkeka. Nilikuja kusoma baadaye."

Maneno yote niliyotunga tangu Chalinze yalikuwepo. Hesabu za mwaka, mtoto, nauli. Niliyafungulia mdomo, nikaona hayana pa kuwekwa. Nikasema, "Sikuja."

"Hukuja," akasema.

Akachochea moto, akaweka maji ya ugali ingawa ilikuwa saa moja asubuhi. Kisha, bila kunitazama, akaanza. Alianza na siku mume wake aliporudi kutoka kazini akasema bega linamuuma. Akaenda mbele, siku kwa siku. Nani alimpeleka hospitali, nani alichelewa kuja na gari, alivyoomba uji akaunywa vijiko viwili, maneno aliyosema kuhusu mahindi ya shamba la Kalenga. Alifika mwisho, akarudi nyuma pale aliporuka. Maji yalichemka yakakaukia, tukaongeza mengine. Ilichukua karibu saa mbili. Sikusema chochote zaidi ya "ee" na "pole" na "halafu?"

Alipomaliza alivuta pumzi, akasema, "Hii habari wote waliofika niliwasimulia. Wewe ulikuwa hujaisikia."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimekosa kukipeleka miaka yote ile. Nilidhani kwenda msibani ni kuonekana, au kusaidia kubeba maji, au kulia pamoja. Hayo yapo. Lakini mfiwa ana habari, na habari ile lazima aitoe kwa kila anayeingia mlangoni, aanze upya kila mara, tangu "alikuwa mzima tu". Wazee wetu waliliweka hilo ndani ya msiba. Kila mgeni akishakaa anaambiwa ilivyokuwa. Pesa yangu ilifika na ilinunua mchele, ila simu haikuweza kukaa jikoni ikauliza "halafu?". Ujumbe wangu mzuri ulikuwa umejaa maneno yangu mimi.

Nilipanga kulala Iringa usiku mmoja. Tulilala mitatu. Tulikwenda kaburini, tukapalilia majani. Siku ya mwisho Dada Mkuu alimpeleka mwanangu Kalenga kuona jumba la makumbusho, kwenye fuvu la Mkwawa, chifu wa Wahehe. Alimweleza kama yuko darasani: Mkwawa alifariki 1898, kichwa kikapelekwa Ujerumani, na fuvu likarudi Uhehe mwaka 1954. Mwanangu akahesabu, "Miaka 56." Akauliza kama watu walikuwa bado wanalisubiri. "Walilipokea," akasema Dada Mkuu, na alipokuwa anasema alikuwa amenishika mkono, vidole vyake ndani ya vyangu kama tulivyokuwa tunatembea kwenda bwaloni. Hakunitazama. Nilimshukuru kwa hilo pia.

Makambako tulifika kwenye ukungu. Kwa mama mdogo palikuwa pepesi. Yeye hakuwa na kinyongo, alikuwa na kuku na maparachichi, alipokea kitenge akakivaa palepale. Msiba wake ulikuwa wa mtoto mchanga wa binti yake. Safari hii sikungoja. Nilikaa na binti, nikamwambia, "Niambie ilivyokuwa." Alinishangaa. Kisha akaniambia, na alisema kwamba watu wengi walimkataza kulizungumzia, eti ni mtoto mdogo, atapata mwingine.

Kutoka pale barabara inashuka kwenye tambarare za Usangu, mpunga wa Chimala, halafu Uyole, na ukikunja kuelekea Tukuyu dunia inageuka kijani. Chai, migomba, mvua. Mlima Rungwe unakaribia mita 3,000 na mara nyingi huuoni, unaona wingu lililokaa pale unapopaswa kuwa. Nilishusha vioo. Harufu ya udongo ule uliolowa ni utoto wangu.

Mjomba alikuwa barazani. Amezeeka. Nilipiga goti, nikamwamkia. Aliitika, akamtazama mwanangu kuanzia miguuni, kisha akauliza kabla sijakaa:

"Mpwa wangu, mmekuja kusalimia au mmekuja kulala?"

Sikulielewa swali, na shangazi, mke wake, akanieleza baadaye. Ndugu wa mjini wanapita na magari wakielekea Malawi au wakitoka harusini Mbeya. Wanasimama, hawazimi injini. Wanatoa sukari, wanapiga picha na mzee, wanaondoka. Mjomba alishachoka kuandaliwa kwa ajili ya picha.

"Tumekuja kulala," nikasema.

"Ndaga," akasema, yaani asante. Ndipo akaita watu wa ndani walete maji ya kunawa.

Tulilala siku tano. Kaburi la bibi liko nyuma ya nyumba, karibu na migomba yake mwenyewe. Mjomba alinionyesha saruji iliyolijengea, akanigusa bega: "Hii ni ile pesa yako. Tulisema jina lako siku tunajenga." Nililia pale, kwa sababu nilikuwa nimekuja na dhana kwamba pesa ile haikuwa na maana, na kumbe wao hawakuidharau kamwe. Ilikuwa imesimama mahali pangu, mvua na jua, tangu siku ile. Sitaki mtu asome hapa akadhani nasema usitume. Tuma. Kuna misiba isiyofikika, na jeneza halisubiri likizo yako. Ila njia haifungwi siku ya mazishi, na mimi kwa miaka tisa nilidhani imefungwa, nikaona aibu kwenda baadaye, na aibu ile ndiyo iliyozidi kunichelewesha kuliko nauli.

Usiku mjomba alisimulia kifo cha mama yake. Aliongea Kinyakyusa, shangazi akawa anamtafsiria mwanangu. Bibi aliugua siku nne. Siku ya tatu aliomba ndizi za kuchoma, akauliza majina ya vitukuu wote mmoja mmoja, na alipofika kwa mwanangu akasema huyo wa Dar es Salaam ana masikio ya baba yangu. Mwanangu akajishika masikio. Hakuna aliyekuwa amemwambia kuwa kuna mtu aliyeaga dunia akimtaja. Kesho yake alikuwa shambani na binamu zake anakata mikungu, na jioni nilimkuta ameketi barazani karibu na mjomba, hawaongei, wanamenya ndizi za mbalaga.

Tulirudi gari limelemaa nyuma: ndizi, maparachichi, majani ya chai, gunia la viazi la Dada Mkuu tulilolipitia Iringa. Niliteremka Kitonga taratibu, nikitafuta lile lori kwenye kila kona, kana kwamba lingekuwepo.

Mji wa Mikumi ukishaupita, Dar es Salaam ni safari ya jioni moja. Pale kwenye njia panda ya kwenda Kidatu niliweka gari pembeni. Upande wa kulia malori ya miwa yalikuwa yanatokea. Nikampigia rafiki yangu wa Ifakara. Nikamuuliza kwa nini alihama Morogoro.

Alikaa kimya kwa muda. "Habari ndefu," akasema. "Uko wapi?"

"Mikumi. Nasikiliza."

"Hiyo siwezi kuisema kwenye simu." Nikasikia sufuria ikiwekwa chini. "Nipike wali wa watu wangapi?"

"Wawili," nikamwambia. "Na tunalala."